Nilisema Mama Nasieku Alihama, na Nilijua Atarudi

Admin, ficha jina langu kabisa, hapa Kitengela najulikana na kanisani mimi ndiye hufungua maombi ya akina mama. Niko na miaka sitini na mbili, Mkamba, na hii kitu nimeimeza mpaka imenikwama.

Tulihamia huku miaka ya tisini, bwanangu akifanya kibarua kiwandani. Jirani yangu alikuwa mjane Mmaasai, nitamwita Mama Nasieku. Alikuwa na nyumba ya mawe, vyumba vitatu, aliyojengewa na marehemu bwanake. Huyo mama alinipea maziwa hata siku sina kitu. Kiangazi kikali kikaja, nyasi ikaisha, akaamua kuswaga ng'ombe kuelekea Kimana pamoja na wanawe. Akanishika mkono akasema, "Dada, niangalilie nyumba. Sisi tunafuata nyasi tu. Mvua ikinyesha narudi." Nikamjibu, "Enda na amani, mimi niko."

Mvua ikanyesha, hakurudi. Mwaka wa pili pia. Madirisha yakavunjwa, vijana wakafanya pale mahali pa kuvutia bangi, mpaka msichana mmoja akavamiwa humo, akaponea chupuchupu. Watu wakachoka. Naibu wa chifu akaita baraza: nyumba ambazo wenyewe wamehama kabisa, mtaa uzisafishe zitumike. Hiyo ya Mama Nasieku ilitakiwa iwe nasari, shule ya watoto wadogo. Akauliza, "Nani anajua mwenyewe?" Wote wakanigeukia.

Ningejitetea niseme kwetu Ukambani mtu akibeba watoto na mifugo yote, huyo amehama. Wengi pale walidhani hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeelezwa! Tena nilijua nasari itataka mwalimu, na mimi nilikuwa nimesomea hiyo kazi lakini nakaa tu nyumbani bila ajira. Nikasimama nikasema, "Huyo alihama kabisa. Aliniaga." Wakapiga makofi.

Tukapaka rangi, tukaweka madirisha, watoto wakajaa. Siwezi danganya, mtaa ulitulia. Nilifundisha hapo na roho yangu yote.

Mwaka wa nne akarudi. Ng'ombe walikuwa wamekufa karibu wote, kumbe alikuwa akivuna vitunguu kwa mashamba ya watu ndio ale. Karatasi ya shamba hakuwa nayo, shahidi wake nilikuwa mimi. Alisimama mlangoni watoto wakiimba, akaniangalia. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Nilijaribu kuwazuia, wakakataa kunisikiza." Akalia. Halafu akasema, "Ni watoto. Siwezi fukuza watoto." Akaenda Tuala akapanga chumba cha mabati, akawa wa kufulia watu nguo.

Nasari bado iko, binti yangu ndiye anaiendesha sasa.

Wiki iliyopita bintiye Mama Nasieku alinitafuta. Mamake ni mgonjwa, hatoki kitandani, na bado ni kwa chumba cha kupanga. Akaniambia, "Yeiyo, mama yetu, anasema mtaa mzima ni wewe pekee ulimtetea. Anataka kukuona akiwa bado anaongea. Ametuambia Jumamosi tukuchinjie mbuzi."

Aki sijalala vizuri tangu hiyo siku. Nikisema ukweli, naogopa nitammaliza, na binti yangu atanichukia. Nikinyamaza, nitakula ile nyama aje? Wazazi wenzangu, hata mkinitukana nitasoma. Niambieni tu: Jumamosi akinishika mkono anishukuru kwa Kimaasai, aseme "ashe oleng", nimjibu nini?