Ndimu na Jivu Kwenye Nikeli

Hata leo nikiona mtu anasugua sinia kwa ndimu na jivu, hasira hunipanda.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilifanya kazi katika maabara ya kiwanda kidogo cha saruji huko Changamwe, ambacho sasa kimefungwa. Kila asubuhi nilisaga mawe yaliyotoka tanurini, nikatia unga wake kwenye mashine ya eksirei, nayo ikachora mistari karatasini. Kila aina ya madini ina mstari wake. Mstari wa chokaa mbichi ukirefuka, maana yake moto haukutosha, na lawama humwendea mchomaji.

Mchomaji wetu alikuwa mzee wa Likoni, mpole hata akitukanwa. Ghafla chokaa ikaanza kupanda. Meneja akamwambia wazi: isiposhuka, huna kazi. Basi kutwa yuko dirishani kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo je?"

"Bado ipo."

"La haula! Na moto wote ule?"

Huyo, anarudi kuongeza moto.

Mimi sikuridhika. Mbona mstari haushuki hata kidogo? Nikapima mchanga mweupe safi, usio na chembe ya kitu kingine. Hapo napo ukatokea mstari wa ziada! Nikaifungua mashine.

Mashine ile hutoa miale ya aina mbili. Tunayoitaka ni moja. Ya pili huzuiwa na kipande cha nikeli, chembamba kama ganda la kitunguu. Isipozuiwa, kila mstari mkubwa hupata kivuli chake pembeni, na kivuli kimoja cha mawe yetu huangukia pale pale penye mstari wa chokaa. Nikeli yetu ilikuwa inametameta, tena ina vitundu.

"Ami, nani ameigusa hii?" nilimwuliza mkuu wa maabara, mtu wa Kisauni, mpenda usafi kupindukia.

"Mimi. Iliingia ukungu wa chumvi, nikaisugua kwa ndimu na jivu kama masinia ya nyumbani. Si imetakata?"

"Imetakata mpaka imetoboka!"

"Wallahi wewe una mdomo," akasema, akaenda stoo kuleta nyingine.

Tulipoibadilisha, mstari ukatoweka. Nikatoka mbio hadi tanurini. Nikakuta limezimwa. Matofali ya ndani yalikuwa yameyeyuka na kuporomoka kwa ule moto uliozidi, na mzee ameshafukuzwa. Nikamwonyesha meneja karatasi zote mbili.

"Iwe chokaa, isiwe chokaa," akasema, "moto aliuongeza nani?"

Mkuu wangu alisimama kando yangu, anatazama viatu vyake, hakutaja ndimu wala jivu. Nilimchukia siku ile, na mpaka sasa sijamsamehe.

Mzee nilimkuta getini, kikapu chake mkononi.

"Mwanangu, chokaa imeshuka?"

"Haikuwapo, baba. Tangu mwanzo haikuwapo."

Akakitua kikapu chini.

"Sasa mimi nilikuwa nachoma nini?"