Herufi Zote Zinalingana

Kaka yangu ana kichwa kigumu, nasema hivyo kwa mapenzi. Anaandika programu za kompyuta, na kazi hiyo ilimharibu: aliamini kila kosa lina mstari wake wa kurekebisha.

Siku moja alinionyesha kosa linalowanasa wageni wa kazi yao. Karani wa hospitali anaandika jina la mgonjwa. Jina hilo hilo limo ndani ya mashine, herufi kwa herufi, na bado mashine inajibu kwamba hayupo.

"Haikuulizwa kama herufi zinalingana," kaka akasema. "Imeulizwa kama neno hili ndilo lile lile, lililokaa mahali pale pale. Hayo ni maswali mawili."

Akabadilisha mstari mmoja, mgonjwa akapatikana. Alitamba mpaka nikamwambia anywe chai yake anyamaze.

Kisha mama akaanza kusahau. Mimi niliyeishi naye alinitambua. Kaka, kifungua mimba wake, aliyemdekeza kuliko sisi wote, mama hakumtambua. Basi kaka akafanya alichokijua. Akamtajia jina lake, akamwonyesha kovu la goti, akamwimbia wimbo aliobembelezewa. Mama alikubali kila kitu.

"Kweli, mwanangu naye ana kovu hapo hapo. Mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Lakini si wewe, baba."

"Mama, ni mimi."

"Atakuja tu. Na wewe usikawie, mama yako anakungoja."

Nilitoka nje nikiwa na hasira, sijui nimemkasirikia nani. Kaka alirudi tena na tena, kila mara na ushahidi mpya, kila mara jibu lile lile. Mpaka siku aliyokuwa akimlisha uji, amekaa kwenye kiti cha dirishani.

"Hapo usikae," mama akamwambia. "Hapo ni pa mwanangu."

Nikangoja ubishi wake. Akainuka na bakuli mkononi, akavuta kigoda.

"Samahani, mama. Sikujua."

Akaendelea kumlisha, na hakumletea ushahidi tena.

Mama alifariki ameushika mkono wa kaka, akimshukuru kijana wa watu. Msibani nyumba ilijaa, watu wakakosa pa kukaa. Shangazi akamsogezea kaka kile kiti cha dirishani, akamwambia apumzike. Kaka akatikisa kichwa, akasema kina mwenyewe.