Madebe ya Baba Chini ya Pikapu

Juzi fundi wangu mmoja, hapa gereji Malindi, alichomelea kipande cha debe la mafuta ya kupikia bila kulisugua kwanza. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikaingia mpaka ofisini, pale nilipotundika diploma yangu ukutani. Mteja mmoja akauliza nani anakaanga mahamri. Nilicheka naye, kisha nikafunga mlango nikakaa peke yangu. Yeye sikumweleza kitu. Nyinyi nitawaeleza.

Magari nimeyasomea ng'ambo miaka mitatu, na cheti changu sikukipata kwa kujuana na mtu. Kati ya Kilifi na Malindi mafundi ni wengi, lakini ukitaka wa kukueleza kwa nini gari lako linakunywa petroli, utaletwa kwangu. Nasema hivyo bila haya. Nilichokuwa nikikificha ni kwamba wa kwanza kunieleza mimi alikuwa baba yangu, Charo, ambaye hakumaliza darasa la pili.

Miaka ya themanini baba alikuwa dereva wa pikapu ya Bwana Katana, mnunuzi wa korosho, nasi tulikaa Tezo. Katana akaanza kulalamika kuwa gari linakunywa mno. Ama dereva anaiba petroli, alisema, ama gari lenyewe ni bovu. Kwa vyovyote, mwezi ukiisha angeliuza na Charo arudi shambani. Baba akamwomba nafasi moja tu.

Alikuwa ameona kitu. Kila alipolala chini ya gari kulisafisha, alikuta vumbi jekundu limerundikana nyuma ya kila chuma.

"Waona, Kazungu? Upepo unajikwaa hapa," aliniambia, kidole chake kikifuata lile vumbi. "Na kila unapojikwaa, unalivuta gari nyuma."

Kwanza akapima. Yeye na Katana walifunga chupa ya lita moja ya petroli karibu na kabureta, wakaondoka Kilifi mjini kwa mwendo usiobadilika, mpaka injini ikazima yenyewe baada ya kuipita shule yetu. Hapo kando ya barabara baba akaweka jiwe. Baadaye angetoka tena Kilifi na lita moja, safari hii tumbo la gari likiwa limefunikwa. Likilipita jiwe, anabaki na kazi yake. Katana alikubali.

Baba akakusanya madebe ya mafuta ya kupikia kutoka mikahawani, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo, akayafunga kwa bolti kuanzia bampa hadi ekseli ya nyuma. Chini ya pikapu pakawa laini kama sinia. Kosa lake lilikuwa moja: hakuyaosha vizuri. Ekzosi ikipata moto, mafuta yaliyobaki yalichemka, na pikapu ikawa inapita Tezo ikinukia kama jiko la mama mahamri.

"Wee Kazungu, mahamri ya babako yeshaiva?" wenzangu walinipigia kelele shuleni.

"Mwambie atie iliki!"

Fimbo za walimu nilizizoea. Hiyo iliki ilinishinda. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimeyachukia madebe, na aliyeyafunga pia.

Ijumaa, siku moja kabla ya kupima mara ya pili, baba alinipa kopo la chokaa. "Kalipake jiwe, mwanangu, lionekane tangu mbali. Kesho nataka kila mtu aone."

Nilikwenda. Nililiinua jiwe, nikalibeba nikipumzika kila baada ya hatua chache, nikalisogeza mbele zaidi, upande wa Malindi, kiasi cha viwanja sita vya mpira. Pande zote mbili ilikuwa mikorosho mitupu, hakuna cha kumwonyesha tofauti mtu asiyeendesha gari barabara ile kila siku. Kisha nikalipaka chokaa, vizuri sana.

Jumamosi wauzaji wa korosho na watoto wa shule tulijipanga kando ya barabara. Harufu ilitangulia, gari likafuata. Injini ikakohoa, ikazima, pikapu ikajikokota na kusimama. Jiwe lilikuwa bado mbele yake, hatua kama mia.

Katana akashuka. "Charo, lile nini?"

"Ni jiwe, bwana."

"Na gari langu liko wapi?"

"Liko jikoni!" mama mmoja akadakia, na watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote, ili wenzangu wanisikie.

Baba akageuka akatazama nyuma, kule gari lilikotoka. Kisha akanitazama mimi, mdomo wangu ukiwa bado wazi.

"Basi, bwana," akamwambia Katana. "Nimeshindwa."

Katana akamlaza chini palepale ayafungue. Bolti zilipotoka, madebe yalimwangukia kifuani, masizi na mafuta yakimchuruzikia machoni. Watoto waliyahesabu kwa sauti. Niliyahesabu nao.

Jumatatu alikwenda kuvunja mawe machimboni, kazi iliyomla mapafu. Hakunipiga wala hakuniuliza kitu. Nilidhani hakutambua, nikamdharau zaidi.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusomea magari, nilimwomba anifundishe kidogo habari za kabureta kabla sijasafiri. Alimaliza kukohoa kwanza.

"Kamuulize aliyekufundisha kupima," akasema, akanigeuzia mgongo.

Ndipo nilipoelewa. Alijua tangu pale barabarani. Alikubali aitwe mjinga mbele ya Katana kuliko mimi niitwe mwongo, lakini kunisamehe hakunisamehe, na alikufa kabla sijarudi.

Ng'ambo, mwalimu wetu alichora gari ubaoni akauliza ni wapi upepo unapolisumbua na watu hupasahau. Niliinua mkono: chini. Nikaeleza vumbi, madebe, lita moja ya petroli, na darasa zima likacheka nilipofika kwenye mahamri. Mwalimu hakucheka. Alisema mtu yule alikuwa na akili ya mhandisi, akataka kujua ni nani.

"Dereva mmoja wa kijijini kwetu," nikajibu. "Jina lake silijui."

Siku ya jiwe nilikuwa na miaka kumi. Siku hiyo darasani nilikuwa na ishirini na sita.