Asante, Mama Sifa

Muhonja wa mtaa wa Kware kazi yake ni kupiga video za harusi na mazishi. Ukimwona na kamera begani utadhani anaringa, kumbe ni shingo tu inamuuma. Mwezi uliopita shirika moja la habari lilimpeleka mashariki mwa Kongo, kunakopiganwa, kwa sababu anajua Kiswahili na haogopi. Hapo kwenye haogopi walikosea.

Huko mama mmoja alimficha siku mbili kwenye stoo ya mihogo, kisha akaeleza mbele ya kamera jinsi wenye bunduki walivyomuua mumewe. Sharti lake lilikuwa moja: asijulikane. Wakimjua, watamrudia. Muhonja akamwapia.

Jumamosi asubuhi, akiwa amesharudi kwake, kazi ya kuihariri ikaisha. Uso wa yule mama alikuwa ameuficha, na sauti ameibadilisha. Kwa furaha akamtumia video mamake, Asenath, anayekaa mtaa wa Huruma na asiyechoka kuuliza ni kazi gani hiyo ya kuzurura. Kisha akaketi kuitazama mara ya mwisho kabla ya kumpelekea mhariri.

Mwishoni kabisa akaisimamisha, akairudisha nyuma. Yule mama amenyamaza, kamera bado inarekodi, na sauti ya Muhonja mwenyewe inasikika, waziwazi, kwa heshima zote alizolelewa nazo: "Asante sana, Mama Sifa."

Adabu gani hiyo ya kuua mtu! Alikuwa ameisikiliza mara kumi na sikio halikushtuka, maana mama mwenye mtoto utamwitaje tena ila kwa jina la mtoto? Akakikata kile kipande, akaufuta ujumbe aliomtumia mamake ili video itoke hata kwenye simu yake, lakini alama za buluu za ujumbe uliosomwa zilikuwa zimeshaonyesha imetazamwa. Akapiga simu. Haikushikwa. Akapiga tena na tena, huku akizunguka chumbani na kujitukana.

Saa tisa Asenath akapiga mwenyewe.

"Muhonja, si tulikuwa kwa maombi ya wamama. Mwanangu, umetutoa machozi!"

"Mama, ile video ulitumia mtu?"

"Sasa nisijivunie mtoto wangu? Niliweka kwa grupu ya kanisa. Hata wale wamama Wakongo tunaomba nao wametumia watu wao huko nyumbani."

Muhonja akakaa chini sakafuni.

"Na usiwe na wasiwasi," mamake akasema kwa upole. "Huyo Mama Sifa tumemwombea kwa jina."