Kengele Katikati ya Supu

Kila asubuhi mwaka ule, akibakiza hatua chache kufika mlango wa duka letu, Bibi Vlasta alivua miwani. Aliikunja, akaitumbukiza mfukoni mwa koti, akanyanyua kidevu na kupita huku mkono mmoja ukipapasa ukuta. Akishalivuka dirisha letu la mwisho aliivaa tena, akaendelea kushuka mtaa kwenda kununua mikate yake kwa watu wengine. Bila miwani haoni hata tramu. Lakini aliona heri agongwe na tramu kuliko kumwona mama yangu.

Mara nyingine alinikuta mimi mlangoni napanga machungwa. Alinipita karibu kiasi cha kusikia harufu ya mafuta yake ya mikono.

"Habari za asubuhi, Bibi."

Alipapasa ukuta, akapita. Nina sauti ndogo tangu utotoni, ila masikio yake hayajawahi kuwa na shida.

Na huyo ndiye aliyenilea. Mama aliletwa Brno, mji wa Wacheki, kutoka kwao Hai Phong, mashariki ya mbali, kushona nguo kiwandani, kiwanda kikafungwa, akafungua duka chini ya jengo lile la mtaa wa Židenice ambamo Bibi Vlasta na mumewe waliishi ghorofa ya pili. Baba alirudi kwao kabla sijaota meno. Mama alikuwa dukani tangu alfajiri mpaka usiku, nami nililala kwenye boksi la ndizi nyuma ya kaunta, mpaka siku moja Bibi Vlasta alipoingia kununua siki, akachungulia kwenye boksi na kupiga kelele: "Khuyên! Huyu ni mtoto au ndizi? Lete hapa!" Akamwuliza mama jina langu. Naitwa Nguyệt. Alijaribu mara mbili, ulimi ukagoma, akasema, "Basi, huyu ni Naďa," na hadi leo nusu ya mji hunijua kwa jina hilo.

Kwake nilijifunza kusema, kusoma, kufunga kamba za viatu na kuwachukia watu wasiofuta miguu mlangoni. Mumewe, Babu Bohouš, alikuwa fundi wa tramu aliyestaafu, mpole, mwenye kucheka peke yake. Wao hawakuzaa. Kila Krismasi sisi wawili tulipanda kwao, na meza iliwekwa sahani tano: zao mbili, zetu mbili, na moja ya mgeni ambaye huenda akatokea. Chini ya kila sahani palikuwa na gamba la samaki, la kutia kwenye pochi ili pesa zisikauke.

Sheria ya meza ile nilifundishwa kwa kupigwa kofi gotini. Jioni ya mkesha, mkishaketi kula, haruhusiwi mtu kuinuka mpaka wote wamalize. Anayeinuka hatafika kwenye meza hiyo mwaka unaofuata; atakuwa ameshazikwa. Kwa hiyo kila kitu kiwe karibu: supu ya samaki, samaki karpi wa kukaanga, saladi ya viazi, chumvi, vijiko. Ikibidi sana atainuka mama mwenye nyumba, yeye peke yake, maana lazima awepo wa kuokoa samaki asiungue. Mama yangu, ambaye kwao Krismasi haipo, aliishika sheria hiyo kuliko Wacheki wenyewe. Hata kikohozi alikimeza. Mimi nimemaliza chuo kikuu, nafanya kazi maktaba, siamini mambo hayo hata kidogo, na sijawahi kuinuka.

Krismasi ile iliyoharibu kila kitu hatukupanda. Nilikuwa na homa kali, nimelala chumba cha nyuma ya duka, mama akihudumia wateja wa dakika za mwisho na kunibadilishia kitambaa cha paji la uso. Wazee wakala peke yao. Kilichotokea juu niliambiwa baadaye, tena nikaambiwa na kila mtu, kwa sababu Bibi Vlasta alikisimulia kwa kinyozi, kwa daktari, kwa padri na kwa watu waliosimama foleni ya posta.

"Tulikuwa kwenye supu," alikuwa akisema. "Katikati ya supu! Kengele ikalia. Bohouš wangu, unamjua alivyo, akasema, 'Mtoto Yesu kawahi kuleta zawadi mwaka huu,' akainuka akaenda kufungua. Na nani yuko mlangoni? Huyo wa chini! Miaka yote namlisha mezani kwangu, sheria anaijua, akaja kumwinua mume wangu!"

Mwezi wa tatu moyo wa Babu Bohouš ulisimama akiwa anapaka rangi kiti cha bustani. Kwenye mazishi mama alifika na shada la maua meupe. Bibi Vlasta alilitazama shada, akamtazama mama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi geti la makaburi, "Ulimwinua. Sasa umekuja kuhakikisha amelala?"

Mama aliinamisha kichwa. Aliliweka shada chini polepole, akaondoka.

Baada ya hapo jengo zima liligeuka. Bi Šebestová wa ghorofa ya tatu, asiyekanyaga kanisani, anayecheka anaposikia habari za malaika, alianza kununua bia zake mtaa wa pili. Mwingine akaja kuuliza kama ni kweli sisi tuna desturi ya kuwainua wazee mezani. Nilitaka kumrushia kopo la njegere. Badala yake nikamwambia bei ya maziwa, maana hiyo ndiyo tabia yangu: hasira inanijaa kooni na mdomo unatoa bei ya maziwa.

Usiku, nyumbani, nilimsumbua mama.

"Kwa nini ulipanda?"

"Nilipanda tu."

"Mama, mtu hapandi tu. Sheria uliijua. Ulienda kufanya nini?"

"Weka maziwa kwenye friji, yataharibika."

"Anakutukana mji mzima na wewe unaniambia maziwa!"

"Mwache anikasirikie," mama alisema akihesabu chupa. "Mimi nina kazi, nina wewe. Yeye ana nani?"

Jibu hilo lilinichoma kuliko matusi yote. Nilimkasirikia Bibi kwa uonevu wake, nikamkasirikia mama kwa upole wake, nikamkasirikia hata Babu kwa kwenda kufungua mlango.

Desemba ikarudi. Siku chache kabla ya mkesha, mabeseni makubwa ya buluu yenye karpi hai yalitokea vijiweni, na moja liliwekwa mbele ya duka letu, kwa kuwa mama humruhusu muuzaji karpi kutumia bomba letu. Muuzaji anaitwa Ctibor, ana aproni ya mpira na mdomo usiopumzika.

"Mzima au nimmalize?" aliwauliza wateja. "Mzima? Haya, msimpe jina tu! Mkishampa jina hamtamla, atakaa kwenye bafu lenu mpaka Pasaka na nyinyi mtanuka!"

Asubuhi hiyo barafu ilikuwa imeshika barabara. Nilimwona Bibi Vlasta akija. Hatua chache kabla ya mlango, kama kawaida, mkono ukapanda, miwani ikatoka. Safari hii hakuwahi kuitia mfukoni. Beseni hakuliona. Goti lake liligonga ukingo, akayumba, akajishika kwa mikono yote miwili, na miwani ikadondoka majini kati ya samaki.

"Bibi!" Ctibor alisema. "Ukitaka kuoga ungeniambia nipashe maji."

"Nyamaza, mpumbavu wewe! Nani kaweka bwawa kwenye njia ya watu?"

"Beseni la ukubwa huu hujaliona? Hata karpi wangu wanaona vizuri kuliko wewe."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama alikuwa ameshatoka dukani. Alikunja mkono wa sweta hadi begani, akauzamisha kwenye maji yale yenye vipande vya barafu, akapapasa chini huku samaki wakimpiga mikia. Alipoutoa ulikuwa mwekundu kama nyama. Akaifuta miwani kwa aproni yake, akampa.

Bibi Vlasta aliipokea. Hakuivaa.

"Sasa inanuka samaki," alisema.

Kicheko kikakatika. Hapo ndipo mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, ulikataa kutoa bei ya maziwa.

"Sema asante!" nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mkono wake unaganda kwa ajili yako. Sema asante!"

"We mtoto, usinifundishe adabu, adabu hizo nilikufundisha mimi!"

"Basi zimekuishia!"

"Naďa," mama aliniita kwa sauti ya chini.

Bibi Vlasta alimgeukia, macho yake yakimtafuta bila kumpata sawasawa. "Mwambie mwanao basi! Mwambie mbele ya watu hawa ulikuja kufanya nini mlangoni kwangu jioni ile! Nani alikutuma?"

Nilimwona mama akifungua mdomo. Niliona kabisa: kulikuwa na neno, lilikuwa tayari, lilifika kwenye meno. Kisha akamtazama yule bibi kizee aliyesimama na miwani iliyolowa mkononi, akalimeza kama alivyozoea kumeza kikohozi mezani kwake.

"Hakuna aliyenituma," alisema. "Barafu inateleza, Vlasta. Pita polepole."

Jioni alinieleza kwamba Januari tunahama. Amepata chumba cha duka Líšeň, ukingoni mwa mji, kwenye majengo mapya ambako hatujulikani. Aliongea huku akipaka mafuta mkono wake, kama mtu anayezungumzia kuhamisha rafu.

"Hapa ndipo nilipozaliwa," nilisema.

"Ulizaliwa hospitali."

"Mama!"

"Siwezi tena, mwanangu. Kila asubuhi nasikia hatua zake zinasita pale nje. Zikisita, na mimi pumzi inasita. Atakuja kuanguka siku moja kwa ajili ya kutotaka kuniona. Tukiondoka atapita na miwani yake."

Siku ya mkesha duka lilifunguliwa mpaka giza lilipoanza kuingia, saa kumi kasoro. Siku hiyo hata Bi Šebestová hukumbuka tulipo. Mmoja alisahau mayonesi, mwingine siagi, mwingine limau. Walikimbia wakiwa na viatu vya nyumbani, mikono ina unga, wakisema, "Mama Khuyên, niokoe!" na mama akawaokoa wote, hata wale ambao tangu Machi walikuwa wamehamia mtaa wa pili. Nilisimama kando ya kaunta nikiwatazama. Waliosahau kitu wote hukimbilia kwa mama. Miaka yote imekuwa hivyo. Nilikuwa bado nina limau la mteja mkononi wazo hilo liliponijia, na likakataa kuondoka.

Nilivua aproni, nikapanda ngazi. Kwa hasira niliyokuwa nayo, nilifika ghorofa ya pili bila kujua nimepita ya kwanza. Sikubonyeza kengele. Nilibisha kwa ngumi.

Alifungua. Aliponiona, mkono ulipanda, akavua miwani.

"Hujaketi kula," nilisema. "Sijamwinua mtu."

Hakunifukuza. Aligeuka akarudi jikoni, nami nikamfuata na viatu vyangu, sikufuta miguu. Supu ilikuwa inachemka. Karpi alikuwa amekatwa, amepakwa unga, anasubiri kikaango. Meza ilikuwa imewekwa sahani tano, na chini ya kila moja gamba. Katikati ya meza kulikuwa na kisahani cha limau, limekatwa vipande, vipande vingi mno kwa mtu mmoja.

"Tunahama Januari," nilisema.

Mkono wake uliokuwa na mwiko ulisimama. "Wapi?"

"Líšeň. Umefaulu. Utapita mtaani na miwani yako."

"Nani kamwambia ahame? Mimi sikumwambia ahame!"

"Ulimwambia kila asubuhi."

Aliketi. Hakuketi pa kwake, aliketi kwenye kiti cha Babu Bohouš. Supu ilianza kupanda, ikamwagikia kwenye jiko, ikafuka. Hakuinuka kuizima. Nilizima mimi.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima nikipanda ngazi, juu ya mkono wa mama kwenye maji, juu ya shada la maua, juu ya boksi la ndizi. Yote yalipotea. Nikabaki na lile moja.

"Bibi, mama hajawahi kuinuka kwenye meza hii, wala hajawahi kumwinua mtu. Nani alimwita jioni ile?"

Alitazama kisahani. Kisha alitafuta miwani kwenye mfuko wa aproni, akaifungua kwa shida, akaivaa, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

"Mimi," alisema. "Nilisahau limau, nikampigia simu aniletee. Na kengele ilipolia goti lilikuwa linaniuma, nikamwambia Bohouš aende yeye."