Mzee wa Kanisa Nje ya Mahekalu ya Kyoto

Mimi ni mzee wa kanisa, na cheo hicho nilikibeba hadi Kyoto, Japani, kama mtu mwenye yai mfukoni.

Aliyenipeleka ni binti yangu. Mama yake, marehemu mke wangu, alitundika jikoni kwetu Roseville, hapa Marekani, kalenda yenye picha ya bustani ya hekalu moja la huko: mawe machache juu ya changarawe iliyochanwa kwa reki, basi. Kila alipotoka zamu ya uuguzi aliitazama akasema iko siku ataketi mbele yake. Siku hiyo haikumfikia. Mwaka mmoja baada ya mazishi, binti alikata tikiti mbili, akaniambia twende tukaketi sisi kwa niaba yake. Nilikubali, na kwa kweli nilitaka.

Mambo yaliharibika kwenye hekalu la kwanza. Watu walikuwa wanavua viatu, uvumba unafuka, wengine wanainama. Nikaiona akilini picha yangu nimeinama, imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ushirika wetu kabla sijanyoosha mgongo. Nikamwambia binti aingie tu, mimi nitalinda mikoba. Hakuna aliyekuwa na haja na mikoba yetu. Katika mji ule ukisahau mwavuli, unarudi kesho unaukuta.

Basi nikalinda. Siku nne nililinda malangoni, nikala wali wa kufinyangwa wa dukani, nikajipiga picha nimeinua kidole gumba. Kasri la watawala wa kale niliingia, maana humo hamkuwa na sanamu za kunitia majaribuni, nikatoka najiona mwanahistoria. Siku ya bustani yenyewe nilisitasita. Nikakumbuka iko ndani ya hekalu, nikabaki kwenye benchi la nje. Binti hakubishana nami. Alikaa ndani saa nzima, na alipotoka nikamwuliza kama ana njaa.

Tuliporudi, ushirika ulikutana kwetu. Nikaunganisha simu na televisheni, nikawaonyesha malango, malango na malango, huku nikieleza kwa sauti ya profesa. Mama mmoja aliyefanya kazi na marehemu mke wangu akaniuliza kuhusu ile bustani ya kalenda. Nikasema ni tulivu sana. Akataka kujua mtu hukaa wapi, chini au kwenye viti. Hapo profesa akarudi kwenye picha za malango. Binti alikuwa anamimina chai, akajibu yeye.

"Dad hakuingia. Kuna ka-veranda ka mbao, watu wanakaa hapo wana-face mawe. Nilim-save-ia nafasi kando yangu. Kila mtu akitaka kukaa, nilikuwa namwambia kuna mtu anakuja."

Hakusema kwa hasira. Alimpa yule mama kikombe chake, akachukua kingine.

Asiyekuwepo na lake halipo, lakini langu lilikuwepo, limewekwa saa nzima na mtoto aliyefiwa na mama yake, nami nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Niliumia sana. Nikatafuta andiko la kujitetea, mzee mzima wa kanisa, nisilipate. Nikamwomba msamaha hapo hapo, mbele ya watu wale wale niliokuwa nikiwaogopa.