Gundi Kwenye Nyumba ya Vitofali

Mtaa mzima walimwita Shangazi Kadi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi: za harusi, za mialiko, za shukrani, na vijitabu vya mazishi msiba unapobisha hodi. Kazi hiyo aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mama yake. Kulikuwa na meza mbili, printa yenye kikohozi kisichopona, na dirisha la kuangalia barabarani ili mteja akipita aone kwamba mwenyewe yupo. Hakuwa mtu wa makelele. Waliomjua, hata hivyo, walijua kwamba upole wake ulikuwa na mpaka, na aliyeuvuka alirudi amechubuka.

Mkasa wenyewe ulianzia kwenye paa. Msimu mmoja wa mvua tone la maji lilitafuta njia darini, likaipata, likawa linadondokea juu ya kompyuta yake. Kasha la bati likashika kutu, na asubuhi moja alipoligusa likampiga shoti iliyomtupa kwenye kiti cha wateja. Fundi wa kompyuta akaja, akafungua, akasema vya ndani vyote vizima ila kasha ndilo la kutupa. Shangazi Kadi akazunguka madukani kutafuta kasha jipya. Kila alikokwenda walimwambia makasha ya saizi hiyo hayaji tena, anunue kompyuta nzima.

"Yaani kiatu kimechanika, nikate na mguu?" alimwuliza muuzaji wa mwisho, akageuza njia kurudi nyumbani.

Njiani akapita kwenye soko la vitu vilivyotumika. Alikuwa anatafuta kitambaa cha meza, lakini jicho likamwangukia gunia la vitofali vya plastiki, vile vya watoto vya kubana kimoja juu ya kingine. Akachukua viwili, akavibana. Vikaumana. Akajaribu kuvivuta kwa kucha, vikagoma, halafu vikaachia vyenyewe alipovipinda kidogo. Akasimama pale akibana na kubandua mpaka mwenye meza akamwuliza kama ana mtoto mgonjwa.

"Nina kompyuta mgonjwa," akajibu, akabeba gunia.

Usidhani kujenga kasha kwa vitofali lilikuwa jambo la mchana mmoja. Ukuta wa kwanza aliupanga vitofali vikifuatana wima, na feni ilipozunguka ukaanza kunguruma kama mzinga wa nyuki, kisha ukafunguka katikati na kumwagika mezani. Akajifunza kupishanisha, kitofali cha juu kikae kwenye maungio ya vile vya chini, kama waashi wafanyavyo. Akajifunza kwamba kifaa kile kizito kinachogawa umeme lazima kikae chini kabisa, la sivyo kasha linaelemea upande. Ule ubao mpana ambao kila kitu hushikamana nao akaufunga kwa skrubu zake kwenye bamba la zamani la bati, bamba nalo akalibana kwa vitofali pande zote. Akaacha matundu ya kupitisha hewa, na kwa kuwa matundu yalikuwa ya mraba, akayafanya madirisha. Madirisha yakadai mlango. Mlango ukadai paa. Paa akalifanya la kuinuka lote kwa mkono mmoja, ili aweze kupuliza vumbi ndani bila kusumbuka.

Gundi hakutia hata tone. Hilo lilikuwa agano lake na kazi ile. Kitu kisichofunguka hakisafishiki, na kisichosafishika kitakufa kwa vumbi na joto.

Siku alipoiwasha, mama yake alitoka jikoni akifuta mikono, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona ni nyumba yetu ya kota?"

Ni kweli. Bila kukusudia, mikono yake ilikuwa imejenga ile nyumba ya wafanyakazi wa reli aliyokulia, yenye kibaraza kifupi na dirisha la pembeni ambapo baba yake alikuwa akikaa kunyoa ndevu. Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani, baba naye hayupo. Mama akaweka kidole kwenye dirisha lile.

Basi. Shangazi Kadi alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye tangu utotoni aliitwa Meneja, kwa jinsi alivyopenda kuagiza. Jina lilimganda, ingawa ukubwani hakuwahi kusimamia hata genge la nyanya. Alikuwa mtu wa mipango. Leo ana kampuni ya matangazo, kesho ana kampuni ya kufuga samaki, na zote makao makuu ni simu yake. Siku alipoiona nyumba ya vitofali alipiga magoti mbele ya meza.

"Dada, hiki kitu kinatakiwa kuonwa na watu. Kuna maonyesho ya ubunifu ukumbi wa manispaa. Niazime wiki hiyo tu."

"Na kazi zangu?"

"Si ile kompyuta ndogo ya mkononi unayo? Dada, usiwe mgumu. Nitaipeleka, nitailinda, nitairudisha."

"Jina litaandikwa la nani?"

"Ah! La nani tena kama si lako? Kubwa, tena kwa rangi."

Akamwamini. Ndugu wa tumbo moja utaanzaje kumdai hati? Akazihamishia kwenye kompyuta ndogo kazi za haraka, nyingine akaziacha humo ndani ya nyumba ya vitofali, akaifunga kwa shuka na kumkabidhi. Akamsisitizia jambo moja tu: paa linainuka, asiibebe nyumba kwa kushika paa.

Maonyesho yalipofunguliwa alikuwa amebanwa na kijitabu cha mazishi. Wifi yake, mke wa Meneja, ndiye aliyempigia simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyejificha chooni.

"Wifi, umeshafika ukumbini?"

"Bado. Kuna nini?"

"Mimi sisemi kitu. Nenda tu ukaone. Na ukiulizwa, mimi sikukupigia."

Akaenda na nguo za kazini, wino ukiwa bado vidoleni. Nyumba ya vitofali ilikuwa katikati ya ukumbi, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, taa imeelekezwa kwake. Watu walikuwa wameizunguka. Mbele yake kulikuwa na kibao: Mbunifu na Mjenzi, na chini yake, kubwa, tena kwa rangi, jina la Meneja.

Alilisoma mara ya kwanza akidhani macho yamemdanganya. Mara ya pili masikio yakapata moto. Meneja mwenyewe alikuwa amesimama pale na koti la kuazima, akizungumza na mwandishi wa gazeti.

"Kila kitofali nilikuwa nakibana huku namkumbuka baba," alikuwa anasema, mkono kifuani. "Hili dirisha hapa, ndipo alipokuwa akinyolea. Nilipolimaliza hili, nililia."

Huyo ndiye aliyesema alilia. Yeye ambaye baba alipolala kitandani miezi ile ya mwisho alikuwa na mipango yake ya samaki, akaja kuonekana siku ya mazishi. Aliyemnyoa baba miezi hiyo, kwenye dirisha jingine la nyumba nyingine, alikuwa amesimama nyuma ya watu na mkoba begani.

"Ulilia wapi?" akauliza.

Watu wakageuka. Meneja akamwona, na tabasamu lake likabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Dada! Karibu, karibu. Huyu ni dada yangu, alinisaidia sana—"

"Nilikusaidia?"

"Dada, tusiaibishane mbele za watu."

"Aibu uliileta wewe, mimi nimeikuta hapa. Kile kitofali cha kwanza ulikibana wapi? Juu ya meza ipi? Mbona mimi nina malengelenge na wewe una machozi?"

Mratibu wa maonyesho akaja mbio, mwanamume mwenye kitambulisho kifuani na sauti ya kubembeleza mtoto. "Mama, tafadhali. Kumbe nyinyi ni ndugu! Haya si mambo ya kuyamaliza nyumbani?"

"Nyumbani hakuna gazeti," akamjibu. "Kimeibiwa hapa, kinarudi hapa."

"Lakini mgeni rasmi hajapita. Kifaa kilichosajiliwa hakiruhusiwi kutoka kabla—"

"Aliyesajili alisajili cha kwake? Ndani ya hicho kifaa mna kazi za wateja wangu. Mna kadi ya harusi ya watu. Na mwenye harusi nimwambie asubiri mgeni rasmi?"

Akachomoa waya ukutani. Akanyoosha mkono kuinua paa, ili alitoe kwanza mzigo upungue, kama alivyozoea. Paa halikuinuka. Akajaribu tena, taratibu. Lilikuwa limegota kama limeota mizizi. Akainamisha uso, na harufu ikampiga puani.

"Umeitia gundi?"

Sauti haikuwa kubwa. Wifi yake, aliyekuwa kajibanza karibu na nguzo, alisimulia baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha.

"Kidogo tu, dada," Meneja akasema. "Ili isivunjike njiani. Watu wanagusagusa. Niliizungushia yote, ikawa imara. Mimi nilikuwa nakulindia."

"Yote?"

"Na yale matundu niliyaziba kidogo. Yalikuwa yanaonekana kama haijakamilika."

Shangazi Kadi aliikumbatia nyumba nzima na vyuma vyake, nzito kama mtoto aliyelala, akapita katikati ya watu. Walimpisha. Mratibu alinyanyua mkono, akauteremsha.

Nyumbani mama yake alisikiliza yote, akashusha pumzi, akasema alichokuwa amekisema tangu walipokuwa watoto.

"Mwachie, mwanangu. Wewe una kazi yako. Yeye ndiye anayehangaika. Labda lile gazeti lingemfungulia mlango."

"Kwa hiyo mimi ndiye bawaba ya milango yake, mama? Nilimwachia kitanda, nikamwachia ada, na sasa nimwachie mikono yangu? Hata baba nimwachie awe ndiye aliyemnyoa?"

Shangazi Kadi akawasha kompyuta ili angalau atoe kazi za watu. Ikawaka, ikatoa joto, harufu ya plastiki ikaanza kupanda, kisha ikazima. Hewa haikuwa na pa kupita. Gundi ilikuwa imechuruzika mpaka kwenye feni, ikaikamata.

Basi akatoa msumeno wa chuma, akaibeba nyumba hadi uani, akaiweka juu ya kigoda. Alianzia kwenye paa. Vitofali havikuachia, vilipasuka, vipande vikaruka huku na huku, na kila kipande kilichopasuka kilikuwa hakifai tena kwa chochote. Akakata kibaraza. Akakata ukuta wa dirisha. Hakulia. Meno yake yaliumana hadi shavu likacheza. Mama alikuwa amekaa mlangoni na sinia la mchele mapajani, amesahau kuchagua, anatazama.

Diski ilitoka nzima, kazi za wateja zikapona. Ubao ulipona pia. Feni ilikufa, na katika vitofali vyote vya gunia lile vilivyobaki vinafaa ni vile vya sakafuni tu, ambako gundi haikufika.

Baada ya siku chache mjomba wao akaitisha kikao cha familia. Meneja alikuja na shati safi na kichwa kimeinama kwa ustadi.

"Dada," akasema, "kama nilikukosea, naomba unisamehe."

"Toa hiyo 'kama'."

"Dada, maneno tu haya."

"Ndiyo. Na kibao kile kilikuwa maneno tu. Itoe."

Mjomba akakohoa. "Jamani, damu ni nzito kuliko maji. Kijana amekiri. Tuyaache yaishe, tule."

Hapo ndipo mama, ambaye hakuwa ametia neno tangu mwanzo, alipoweka kikombe chini.

"Na gundi je?"

Wote wakamtazama.

"Nimeuliza, na gundi je? Jina la kwenye kibao nilidhani ni utoto wake, nikasema litapita. Lakini nilikaa pale mlangoni nikamwona mwenzake anaikata ile nyumba kwa msumeno. Dirisha la mume wangu likaruka likaangukia kwenye mchele wangu. Kitu kilikuwa kinafunguka na kufungika, wewe ukakiziba pumzi. Kisha unaniletea 'kama'?"

Meneja aliinua macho, na safari hii hayakuwa na ustadi wowote. Mama yake hakuwa amewahi kumsemesha hivyo, si kwa samaki wala kwa matangazo.

"Nilikukosea, dada. Niliiba."

"Nimesikia," Shangazi Kadi akasema. Mjomba alisubiri aongeze neno la msamaha. Hakuongeza, na chakula kikaliwa hivyo hivyo.

Alijenga nyingine, kwa gunia jingine. Safari hii hakujenga nyumba ya kota. Alijenga sanduku la rangi zote zilizomjia mkononi, nyekundu juu ya kijani juu ya njano, lenye matundu makubwa na mfuniko wa kuinuka. Wifi yake alimletea feni, akaiweka mezani na kuondoka bila kusema imetoka wapi. Meneja alimpigia simu mwandishi wa gazeti kuomba masahihisho, au alisema alipiga. Gazeti lilikuwa limeshatoka na picha yake, mkono kifuani.

Picha hiyo bado imo mitaani. Wateja huingia chumba cha mbele, huliona sanduku, na husema kwa furaha, "Aa, hizi si zile anazotengeneza kaka yako?"

Shangazi Kadi huweka mkasi chini. Huvuta kiti, humkaribisha mteja akae, na kuanza kumweleza upya, tangu kwenye paa lililovuja. Akiruka mahali, mama yake humkatiza kutoka jikoni.

"Mwambie na gundi!"